Mpigo wa Tatu wa Mwalimu Kioo

Wapendwa mliofika kumsindikiza ndugu yetu, familia imempa shangazi mtu, yaani mdogo wa mwisho wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, naye anaomba mumvumilie tangu mwanzo, kwa sababu historia hii imeandikwa mara mbili, ya kwanza ilikuwa ya ukurasa mmoja, fupi na safi, lakini binti wa marehemu aliisoma jana mchana akairudisha mezani, akasema ni nzuri ila si ya baba, basi tukaichana, na hii mtakayoisikia ndiyo ya pili, na ndani yake yamo mambo ambayo baadhi yetu tungependa yafukiwe pamoja naye leo.

Marehemu, ambaye karibu nyote mlimjua kwa jina la Mwalimu Kioo, alizaliwa Jumatano ya tarehe 9 Juni 1965, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya mabasi, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne, baba yetu akiwa muosha mabasi na mama akiwa mshonaji wa viti vya mabasi hayo hayo, na kwa kuwa dirisha la chumba cha watoto lilitazama moja kwa moja kwenye banda la rangi, mama alizoea kuwaambia wageni kwamba mwanawe huyu alijua harufu ya thina ya kuzimulia rangi kabla hajajua harufu ya maziwa, jambo ambalo lina chumvi nyingi, lakini si uongo mtupu.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1973 na kumaliza Novemba 1979, bila makeke na bila viboko vingi, somo pekee alilong'ara likiwa ni kuchora, na baada ya mwaka mmoja wa kumsaidia baba kuosha mabasi, tarehe 12 Januari 1981 alipokelewa katika chuo cha ufundi wa magari, idara ya bodi na rangi, ambako alijifunza kunyoosha bati, kuziba mabonde kwa puti, kupiga msasa na kupuliza rangi, akahitimu Desemba 1983 akiwa wa kwanza katika darasa la watu ishirini na wawili, na cheti hicho mama alikitundika sebuleni juu kiasi kwamba hakuna aliyeweza kukisoma.

Kuanzia Machi 1984 alifanya kazi katika gereji kubwa ya mjini, na ndiko alikopata jina la Kioo, pale msusi mmoja alipokuja kuchukua gari lake, akasimama mbele ya mlango uliopakwa rangi upya, akatoa kitana mkobani na kuchana nywele zake zote kabla hajaufungua, akasema hiki si mlango ni kioo, na tangu siku hiyo jina la kwenye cheti likabaki la kwenye cheti, na katika gereji hiyo hiyo alimpata mke wake, aliyekuwa karani wa stoo ya vipuri, ambaye marehemu alimfuata dirishani kila siku kuomba msasa, mpaka msimamizi akamuuliza mbele za watu kama anausugulia bati au anaula, wakafunga ndoa tarehe 19 Desemba 1992, wakajaliwa watoto wawili, mwana wa kiume aliyezaliwa 11 Aprili 1995, ambaye leo ni fundi wa umeme wa majumba, na binti aliyezaliwa 3 Agosti 2001, ambaye mtamsikia zaidi huko mbele.

Tarehe 1 Februari 1994 aliajiriwa kuwa mwalimu katika chuo kile kile kilichomfundisha, na mwaka 1996 akapewa nyumba ya chuo, ile namba saba iliyo mkabala na karakana, hatua arobaini kutoka mlango wa chumba cha rangi, nyumba ambayo ilitulea sote, kwa maana mama yetu alimalizia siku zake pale, shangazi mtu alikaa pale miaka minne alipoachika, watoto walikulia pale, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kujiuliza tungekwenda wapi kama mwenye nyumba, ambaye ni kazi ya marehemu, angesema tutoke.

Kwa miaka ishirini na mitano alifundisha kupuliza rangi ndani ya chumba kisicho na feni inayofanya kazi, uso ukiwa umefungwa kitambaa, kwa sababu barakoa zenye chujio zilikuwa zinaletwa mwaka huu na kukosekana miaka miwili, na nyingi zilizopatikana aliwavisha wanafunzi, na tarehe 4 Septemba 2019, baada ya kukohoa kwa miezi mitano, alipimwa hospitalini, na daktari wa mapafu akamwandikia barua ya mistari sita, kwamba mapafu yameingia makovu kutokana na rangi na kwamba asiingie tena katika chumba hicho, siyo kwa mwaka mmoja, bali maisha yake yote, naye akaileta nyumbani barua hiyo na kuiweka mezani mbele yetu kama mtu anayeomba ruhusa.

Hapa ndipo familia inapaswa kusema ukweli wake, kwa kuwa marehemu alitaka kuipeleka barua ile kwa mkuu wa chuo kesho yake asubuhi, na tuliomzuia ni sisi, tukamwambia mwalimu wa rangi asiyeweza kuingia chumba cha rangi hana kazi, na asiye na kazi hana nyumba namba saba, tukamwomba avumilie mpaka astaafu mwaka 2025, na msomaji wa historia hii ndiye aliyeikunja barua ile kwa mikono yake na kuitia ndani ya bahasha ya picha za harusi, na tangu siku hiyo kila aliyeuliza kuhusu kikohozi tulimjibu kwamba ni mafua ya vumbi, na ninyi majirani mkatuamini, mkatuletea asali na tangawizi mpaka kabati la jikoni likakataa kufunga, mtusamehe.

Mwezi Mei 2021 chuo kilipata mashine mpya ya kufundishia, yaani kompyuta yenye miwani mikubwa ya kufunika macho na bastola ya kupulizia rangi isiyo na rangi ndani, ambayo mwanafunzi akiivaa miwani anaona mlango wa gari mbele yake, anapuliza, anaona rangi inashika, na mwisho mashine inampa alama, bila tone moja la rangi wala thina kumwagika, na walimu wengi wa umri wake waliipokea mashine ile kwa mguno, wengine wakiiita mchezo wa watoto, lakini marehemu aliipigania kwa udi na uvumba, akaandika barua, akabeba meza mwenyewe, akaomba darasa lipakwe chokaa, mpaka mwaka huo akapewa cheti cha pongezi kama mwalimu mzee mwenye kupenda maendeleo, na kwa kweli aliipenda, ila alichokipenda zaidi ni kwamba pale ndipo mahali pekee chuoni ambapo angeweza kufundisha rangi bila kuivuta, nasi nyumbani tukapumua, tukaona njia imepatikana.

Lakini mashine ile ilihitaji mkono wa mfano, kwa sababu inatoa alama kwa kulinganisha mkono wa mwanafunzi na mkono wa fundi uliorekodiwa, na chuo kizima kikanyoosha kidole kwa Mwalimu Kioo, basi kuanzia Jumanne ya tarehe 17 Agosti 2021 mpaka Alhamisi ya tarehe 19, mafundi wa kompyuta walimfunga vifaa mkononi, kuanzia bega mpaka kidole, wakamsimamisha mbele ya mlango halisi, na rangi halisi, ndani ya chumba kile kile alichokatazwa, akapiga mipigo mia mbili na kumi na miwili.

Kwa wasioijua kazi hii, kupuliza rangi ni kupeleka mkono kutoka upande mmoja wa mlango hadi mwingine, mpigo mmoja chini ya mwingine, kila mmoja ukifunika nusu ya uliotangulia, kwa kasi ile ile na umbali ule ule, na ukisita hata kidogo, rangi inajaa mahali pamoja na kutiririka, na marehemu, kwa kuogopa kwamba akikohoa mbele ya wale mafundi siri itatoka, alibana pumzi, akamaliza mpigo wa kwanza, akamaliza wa pili, na kila alipofika mwisho wa mpigo wa tatu kifua kilimshinda, akavuta hewa kidogo, na mkono ukasita, muda wa kufumba na kufumbua, kisha ukaendelea, naye alijua, akaomba warudie, wakarudia, ikawa vile vile, mpaka mmoja wa wale mafundi akacheka akasema hiyo ndiyo sahihi ya mkongwe, tuiache, wakaifunga kazi, na mkono wake ukaingia ndani ya mashine pamoja na ugonjwa wake.

Januari 2022 binti yake alijiunga na chuo, idara ile ile, akiwa mmoja wa wanafunzi kumi na wanne wa kwanza kufundishwa kwa miwani tangu siku ya kwanza, na tangu walipoanza mashine ilimpenda, akapata themanini, akapata tisini, na tarehe 6 Oktoba mwaka huo akapata tisini na saba, alama ambayo hakuna aliyewahi kuifikia, darasa zima likampigia makofi, mkuu wa chuo akaja kumpa mkono, na baba yake peke yake hakupiga makofi, kwa sababu alikuwa anautazama mkono wa mwanawe hewani, unakwenda, unakwenda, na mwisho wa mpigo wa tatu unasita, na akaona kwamba hata kifua cha yule binti, ambacho hakina kovu lolote, kilikuwa kimebana pumzi.

Kuanzia hapo ndugu yetu aliishi kama mtu aliyefungiwa ndani na ufunguo anao mfukoni, maana alijaribu kuwaambia wanafunzi wasisite, na waliomtii mashine iliwakata alama, wakarudi haraka kuitii mashine, na binti yake akamuuliza nyumbani, kwa heshima zote, baba, mashine inasema wewe ndiye sahihi, sasa mbona unajipinga, na kila jibu alilokuwa nalo lilipita kwenye ile bahasha ya picha za harusi, mpaka siku moja akaamua kuvaa miwani mwenyewe mbele ya darasa ili aoneshe mkono ulionyooka, akapiga mipigo mizuri ambayo gereji yoyote ingeipigia saluti, na mashine ikampa sabini na moja, wanafunzi wakacheka mpaka wakaegemeana, kwamba Mwalimu Kioo ameshindwa na Mwalimu Kioo, akacheka nao, akarudi nyumbani, akakaa kitandani na viatu vyake, na mke wake anasema hakuwahi kumwona analia kabla ya jioni ile.

Alitujia mara tatu kutuomba barua, mara ya kwanza Oktoba 2022, mara ya pili Februari 2023, mara ya tatu Agosti ya mwaka huo, na mara zote tatu tulimrudisha, tukimwambia miwani ni ya mazoezi tu, wakishika rangi ya kweli mkono utajinyoosha wenyewe, na hatukusema hivyo kwa kujua, tulisema kwa kuogopa kuhama, naye alikuwa mtu wa kusikiliza nyumba yake, akarudi darasani.

Mtihani wa mwisho wa vitendo ulifanyika Jumanne ya tarehe 14 Novemba 2023, wasahihishaji wakitoka nje ya chuo, kila mwanafunzi akiwa na mlango wake na rangi halisi, na ilipofika saa nane mchana milango kumi na minne ilisimama imeegemezwa ukutani, na kila mmoja ulikuwa na rangi iliyotiririka mahali pale pale, kila baada ya mpigo wa tatu, kana kwamba imepakwa na mtu mmoja, na wale wasahihishaji, ambao katika maisha yao hawakuwahi kuona kosa moja likirudiwa na watu kumi na wanne, wakaona haiwezekani kosa likawa la mikono, wakasema ni hewa, wakaandika kwamba kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa, ilikuwa inashusha nguvu na kuingiza maji, na fundi wa kompresa, ambaye alikuwa ameisafisha kompresa yake asubuhi ile mpaka ikang'aa, akasimamishwa kazi siku hiyo hiyo, akiwa na miaka kumi na tisa chuoni.

Kikao cha chuo kilikaa tarehe 28 Novemba, na asubuhi hiyo marehemu hakuomba tena, alifungua kabati mwenyewe, akamwaga picha za harusi kitandani, akachukua barua yake, akavuka zile hatua arobaini akiwa amepiga moyo konde, na mbele ya mkuu wa chuo, wasahihishaji, walimu wenzake na wanafunzi kumi na wanne, binti yake akiwa safu ya pili, akaisoma mistari yote sita, kisha akaomba mkono wake uliorekodiwa uoneshwe kwenye kioo cha kompyuta, waupunguze kasi, na mpigo wa tatu ulipofika akawaambia hapo ndipo nilipovuta pumzi, kompresa haina kosa, na hawa watoto hawana kosa, wamefanya nilichowafundisha, na walioshuhudia wanasema alipomaliza alikohoa kwa muda mrefu, bila kujificha, na hakuna aliyejua aangalie wapi.

Fundi wa kompresa alirudishwa kazini kesho yake, mkono wa marehemu ukafutwa ndani ya mashine tarehe 1 Desemba, na siku hiyo hiyo naye akaachishwa kazi kwa sababu za kiafya, tukapewa mpaka tarehe 31 Machi 2024 kuiacha nyumba namba saba, na yale yote tuliyoyaogopa kwa miaka minne yakatokea kama tulivyoyaogopa, isipokuwa kwamba marehemu alilala usingizi wa kukoroma ambao tulikuwa tumeusahau, na tulipohamia mapema, mwezi Januari, kwenye vyumba viwili vya shangazi mtu, vitu vikiwa vimepangwa mpaka bafuni, yeye ndiye aliyekuwa akipiga soga na wapagazi.

Wanafunzi walipewa nafasi ya kurudia mtihani tarehe 28 Mei, na kwa kuwa yeye hakuruhusiwa tena karakanani, na mtungi wake wa oksijeni ulikuwa na mpira wa mita tatu tu, walimfuata yeye, kila Jumamosi, wakaegemeza boneti kuukuu kwenye ukuta wa uani, wakajaza maji katika bastola ya rangi, wakapuliza maji juani, naye kutoka kwenye kiti chake mlangoni alitazama maji yanavyokauka, na pale yaliposita kukauka alijua mkono umesita, akaita neno moja tu, pumua, na majirani wanaokaa ukuta wa pili waliozoea kulisikia neno lile kuanzia saa tatu asubuhi mpaka mchana walidhani tumefungua kliniki ya wajawazito, na mmoja mmoja wakanyooka, wa kwanza mwezi wa pili, wa kumi na tatu katikati ya mwezi wa tano, akabaki mmoja.

Alilazwa wodi namba nne tarehe 19 Mei, hali ikabadilika usiku wa Juni 5, na Ijumaa ya tarehe 7 Juni 2024, saa nne asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono wa kulia na binti yake wa kushoto, akafariki dunia, akiwa amebakiza siku mbili kutimiza miaka hamsini na tisa, na ameacha mjane, watoto wawili, wadogo zake watatu, na mafundi ambao hatuwezi kuwahesabu.

Familia inamshukuru daktari wa mapafu, ambaye kwa miaka minne alimwambia ukweli wakati sisi tunamwambia subiri, inawashukuru wauguzi wa wodi namba nne waliomgeuza kitandani kwa upole, majirani wa nyumba za chuo na wa huku tulikohamia, mkuu wa chuo na walimu, na kwa namna ya pekee fundi wa kompresa, ambaye ana kila sababu ya kutokuja, na amebeba jeneza tangu mochwari, tena akikataa kupokewa.

Tunawashukuru pia wanafunzi wote kumi na wanne, ambao matokeo yao ya marudio yalitoka juzi Jumatatu, marehemu akiwa ameshaondoka bila kuyasikia, na tunayasoma hapa kwa sababu ni yake, kwamba kumi na tatu wamefaulu, na mmoja ameshindwa, naye ni binti yake, ambaye mlango wake umetiririka mwisho wa mpigo wa tatu, na yeye mwenyewe ndiye aliyetuagiza tuseme wazi mbele yenu, kosa lake lisije likafichwa kama ulivyofichwa ugonjwa wa baba yake, na ameomba tuwaambie kwamba anajua kosa liko wapi, atalirekebisha, mtihani mwingine ni Novemba, ila si wiki hii, kwa sasa mwacheni asite kidogo.

Kaka, hakuna anayekuzuia tena, nenda, ukapumzike, na amani iwe yako.